Nilivyotangaza maono ya kanisa letu Unguja, na pale nilipokosea (uzi mrefu)

Mtumishi wa Kaskazini (mwanzisha uzi)

Bwana asifiwe wapendwa, na salamu kwa ndugu wote wa visiwani, mnaosali kanisani na msiosali.

Kila mara naona watumishi vijana wanauliza: Mungu akinipa maono juu ya kanisa ninalolichunga, nawaambiaje watu? Jibu wanalopewa ni lile lile. Funga, omba, panda madhabahuni, tangaza, asiyeamini ana roho ya upinzani. Mimi nilifanya hivyo hivyo, tena kwa moyo mweupe, na nusura nihubirie mabenchi. Nauweka uzi huu niseme yaliyonikuta. Ni mrefu, mwenye haraka aende atarudi.

Nachunga kanisa dogo la kipentekoste Kaskazini Unguja, ukanda wa hoteli. Waumini wangu karibu wote wametoka bara: wapishi, walinzi, wasafisha vyumba, wahudumu, watunza bustani, askari wawili watatu, mwalimu mmoja wa skuli. Tunasali kwenye banda la mabati la kupanga, nyuma ya gereji. Mvua ikishuka hata mimi mwenyewe sauti yangu siisikii.

Mwaka mmoja, katikati ya mfungo wa siku 21, nikaona. Sitaki kubishana na mtu kama ilikuwa ndoto au njozi, mimi najua nilichokiona. Niliona nyumba nyeupe yenye milango mitatu, na watu wanaingia wakiwa na sare zao za kazi. Sare. Hilo lishikeni, nitalirudia.

Ukaja mkesha wa 31 Desemba. Saa sita na dakika kumi usiku, jenereta inaunguruma nje, watu wameshakumbatiana na kutakiana heri, nikashika maiki nikasema, "Bwana amenionyesha nyumba ya viti mia sita."

Wapendwa, hivyo viti mia sita nilivitia mimi. Kwenye maono hapakuwa na namba yoyote. Ulimi uliona watu wamechangamka ukaongeza chumvi, na mpiga kinanda naye akapandisha. Vigelegele, machozi, mama mmoja akavua kitenge akakitandaza chini nipite. Kabla ya saa saba daftari la ahadi lilikuwa limejaa kurasa nne. Tofali mia mbili. Saruji mifuko kumi. Kijana wa bustani, ambaye nilijua analala na wenzake wanne chumba kimoja, aliandika kwa herufi kubwa: MSHAHARA WA FEBRUARI WOTE.

Wazee wangu watatu wa kanisa walikuwa mstari wa mbele. Habari ile walikuwa wanaisikia mara ya kwanza pamoja na wageni waliokuja kula mwaka mpya.

Januari ilikuwa tamu. Februari zikaingia ahadi kidogo. Machi kimya. Aprili, anayeishi huku anajua: masika yanapiga, watalii wanapungua, hoteli nyingine zinafunga kabisa na wafanyakazi wanarudishwa makwao mpaka Juni. Nusu ya kanisa ikapanda boti. Na waliobaki nikaanza kuwaona wananikwepa. Nikikata kona ya sokoni, mtu anaingia duka la simu ambalo hana shida nalo.

Mzee mmoja wa kanisa akaja nyumbani na mkate wa kumimina kwenye mfuko. Tukanywa chai mpaka birika likaisha, ndipo akasema, "Mchungaji, si kwamba sikuamini. Ila ungeniambia kabla, ningekwambia kile kiwanja unachokitaja kina mgogoro wa ndugu, na aliyekuonyesha si mwenye haki ya kukitoa." Kwa wasiojua, ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma. Mtu anapewa haki ya kuitumia, na mambo yana ngazi zake, kuanzia kwa sheha, kiongozi wa serikali pale mtaani. Mimi nilikuwa nimeruka kutoka mbinguni moja kwa moja hadi kwa fundi.

Na sheha mwenyewe? Alilisikia jengo langu kwenye kahawa, barazani. Siku nakwenda kwake hakunigombeza. Alisema tu, "Mchungaji, tunaishi pamoja miaka yote hii, habari ya viti mia sita naletewa na muuza kahawa?" Afadhali angenitukana.

Ndipo nikarudi kwenye Biblia, safari hii bila kutafuta mstari wa kuchangisha.

Someni Matendo 16. Paulo anaona usiku mtu wa Makedonia anamwita. Aliyeona ni mmoja. Lakini mstari wa 10, Luka mwandishi wa kitabu anaandika kwamba *tulitaka* kutoka kwenda, kwa kuwa *tuliona hakika* kwamba Mungu *ametuita*. Kaona mmoja, wamesadiki wote. Kati ya mstari wa 9 na wa 10 kuna mazungumzo ambayo hayakuandikwa, na mimi nadhani kazi yote ya kiongozi iko mle. Mimi niliruka kutoka "nimeona" hadi "toeni".

Halafu Nehemia. Huyu alikuwa mnyweshaji wa mfalme. Kwa lugha ya huku kwetu, alikuwa mhudumu, tena wa zamu nyeti kuliko zote. Alipofika Yerusalemu alikaa siku tatu, akatoka usiku na watu wachache kukagua ukuta, hakumwambia mtu neno Mungu alilomtia moyoni (2:12). Mahali pengine mnyama aliyempanda alikosa hata njia ya kupita. Alipofungua kinywa hakuanza na "Bwana amenionyesha". Alianza na kile wanachokiona wao wenyewe: mnaona hali tuliyo nayo, ukuta umebomoka, malango yameteketea. Habari ya mkono wa Mungu ikafuata baadaye. Na wao wenyewe wakajibu, "tujenge".

Nitaendelea jinsi ilivyokwisha. Kwanza nisikie wenzangu.

Kijana wa Paje

Mtumishi nimecheka hapo kwenye duka la simu, mimi nimeshawahi kununua chaja ya simu nisiyo nayo kwa kumkwepa mweka hazina wa kwaya 😂

Ila nina swali. Habakuki 2:2 inasema iandike njozi, uifanye iwe wazi. Na Mithali inasema pasipo maono watu huangamia. Sasa wewe unataka tuyafiche?

Mtumishi wa Kaskazini

Hapana kijana wangu, sisemi tuyafiche.

Kwanza Mithali 29:18 ifungue tena. Biblia yetu ya Kiswahili ya Union haisemi huangamia, inasema watu "huacha kujizuia". Wanaoangamia ni wa Hosea 4:6, na wanaangamizwa kwa kukosa maarifa. Sisi wahubiri tumeshona mistari miwili tukapata kanzu moja ya kuchangishia. Na nusu ya pili ya ule wa Mithali, ambayo hatuisomi, inamsifu mtu aishikaye sheria. Kwa hiyo maono pale ni neno la Mungu linalowashika watu wasipotee njia. Ramani ya jengo haimo.

Habakuki nakubaliana naye mia kwa mia, na ndiye aliyenihukumu. Njozi iandikwe ili msomaji asome "kama maji", bila kukwama. Mzee wangu mmoja aliniomba niandike yale ya mkesha kwenye karatasi moja: tunataka nini, kwa ajili ya nani, tunaanza na lipi. Nilikaa na kalamu mpaka adhana ya alfajiri. Nilichoweza kuandika ni "nyumba kubwa". Hapo nikajua nilichotangaza kilikuwa hakijaniiva hata mimi.

Mzee wa Mkunazini

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mwanglikana, mmoja wa tuliolelewa na kengele ya Mkunazini, kanisa kuu letu la Mji Mkongwe. Nyinyi wapentekoste mkisema maono sisi huwa tunakaa kimya kidogo, lakini uzi huu umenigusa, nami niongeze la kwetu.

Mmisionari Livingstone alihutubia chuo kikuu cha Cambridge, Uingereza, Desemba 1857, vijana wakawaka moto, ikazaliwa misheni ya vyuo vikuu kwa Afrika ya Kati, ile ya UMCA. Maono yalikuwa bara, bonde la mto Shire, ambako leo ni Malawi. Askofu Mackenzie akaenda, wakaweka kituo Magomero mwaka 1861. Januari 1862 alikuwa ameshakufa kwa homa, baada ya mtumbwi kupinduka na dawa kuzama. Akaja Askofu Tozer, akatazama, akapiga hesabu, mwaka 1864 akaihamishia misheni Unguja. Livingstone alikasirika sana. Kwake ilikuwa kuyasaliti maono. Lakini angalieni lililotokea huku: Sultani Majid akampa Tozer wavulana watano waliokombolewa kwenye jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, akawa shemasi mwaka 1879. Kanisa letu la Kianglikana huku lilianzia kwa wale watoto watano, si kwenye ramani ya Cambridge.

Na lile kanisa kuu? Soko la watumwa lilifungwa 1873, na jiwe la msingi likawekwa Krismasi ya mwaka huo huo, pale pale sokoni. Sehemu ya kiwanja ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Senji, ambaye hata Mkristo hakuwa. Askofu Steere ndiye aliyesimamia, paa likamiminwa kwa saruji na matumbawe, bila mbao, na mpaka leo liko juu ya vichwa vyetu.

Sasa mtumishi, ukifika, nenda nyuma upande wa kisima cha ubatizo. Kuna nguzo zimesimamishwa juu chini, kichwa kimekalia sakafu. Waongoza watalii husimulia kwamba Steere alikuwa safarini bara, mafundi wakaendelea wenyewe. Aliporudi akaziacha hivyo hivyo. Watalii hucheka wakapiga picha. Mimi kila nikizipita nawaza kwamba yule fundi hakuwa mjinga. Alikuwa fundi hodari wa mawe aliyekabidhiwa nguzo asiyowahi kuiona maishani, na mwenye picha kichwani hayupo.

Kijana wa Paje

Mzee heshima yako. Nimezaliwa Unguja, nimeingia mle mara kumi, sijawahi kuzitazama nguzo 🙌

Mwana wa Maombi

Uzi mrefu lakini kwa kifupi huna imani mtumishi. Mungu akisema viti 600 ni 600. Ungesimama ungeona. Maono hayapigiwi kura.

Mtumishi wa Kaskazini

Ndugu yangu, nimeshasema 600 sikuambiwa na Mungu. Hapo ndipo shida yangu yote ilipo, usiniondolee.

Na hata nabii wa kweli huteleza hapo. 2 Samweli 7: Daudi anamwambia Nathani anataka kumjengea Mungu nyumba, Nathani anamjibu nenda ukafanye yote yaliyo moyoni mwako. Usiku ule ule Mungu akamrudisha Nathani kwenda kusema sivyo. Nia ilikuwa njema, mjenzi akawa mwingine. Mimi huwa nawaza yale matembezi ya Nathani asubuhi ile, anarudi ikulu kujikosoa mbele ya mfalme. Wangapi kati yetu wanaoweza kurudi madhabahuni Jumapili ya pili wakasema, lile la wiki iliyopita nililiongeza?

Bi Karafuu wa Wete

Nimesoma yote. Naandika kutoka Pemba, mzee wa kanisa, mwanamke, nimeshapokea wachungaji sita na maono sita.

Nyinyi wachungaji mnalipenda neno "Mungu amesema" kwa sababu linafunga mdomo wa mtu. Nani atanyoosha mkono baada ya hapo? Ukiuliza habari ya pesa unaambiwa unampinga Bwana. Basi someni 1 Wakorintho 14:29, manabii waseme wawili au watatu *na wengine wapambanue*. Kupambanua ni kazi tuliyopewa sisi tuliokaa kwenye mabenchi. Ukitunyima, umelinyima kanisa nusu ya kipawa.

Na kuna jambo halijasemwa. Huku sisi Wakristo ni wachache mno, na jirani yetu ni Mwislamu, mwema, tunakopeshana chumvi na tunazikana. Aliwahi kuja mtumishi kutoka bara, simtaji, na maono ya "kuiteka Pemba". Neno lake hilo, kuiteka. Akafunga spika nne akazielekeza barabarani, tena ilikuwa Ramadhani. Siku tatu tu akapanda boti akarudi kwao na picha zake. Sisi tulibaki. Miezi mingi nikipita, wale kina mama niliokuwa nachambua nao karafuu wananiitikia salamu nusu. Yale maono hayakuwa na jirani ndani yake. Mimi siku hizi mtu akiniletea maono, swali langu la kwanza ni hilo: jirani yangu amekaa wapi humo?

Hata wale wamisionari wa dhehebu la Marafiki, ambao wengine huwaita Quakers, walipokuja Pemba 1897, mwaka ule ule utumwa ulipoondolewa kisheria, walianza na shamba na kazi kwa walioachiwa huru. Watu waliona kazi ndipo wakasikia neno.

Endelea mtumishi, umetuacha masika.

Mtumishi wa Kaskazini

Shikamoo mama. Hilo la "kuiteka" nimelisoma mara mbili. Nami nimewahi kulisema, nikapigiwa makofi.

Naendelea.

Mwezi wa Mei nililichukua lile daftari nikaanza kupiga simu, jina kwa jina. Nikawaambia nilikosea, namba nilitia mwenyewe, ahadi yako nimeifuta, na ulichokwisha toa kipo, ukitaka nakurudishia. Simu ya kijana wa bustani ilipokelewa Tanga. Akanyamaza muda, kisha akasema, "Mchungaji, mimi nilikuwa nakwepa simu zako. Nilijua ni za tofali." Alikuwa ameacha kusali kabisa, huko kwao, kwa aibu ya mshahara wa Februari. Nilikata simu nikakaa kwenye ngazi za banda mpaka kiza kikaingia. Kiwanja na pesa vinarudi, lakini yule alikuwa kondoo, na aliyemfukuza ni mimi, kwa maiki.

(Amerudi. Yuko kwaya, sauti ya tatu, anaimba vibaya na hatumwambii.)

Sasa ile sare. Juni watu wamerejea, kuna dada mmoja anafua mashuka hotelini, mtu wa maneno machache. Nikamuuliza mbona Jumapili hatumwoni. Akanitazama kama mtoto aliyeuliza jua linazama wapi. "Mchungaji, tangu nishuke kisiwani sijawahi kuwa na Jumapili. Jumapili wageni wanaondoka na wengine wanaingia. Shuka zinakuwa mlima." Mikono yake ilikuwa imepauka kwa dawa ya kufulia mpaka kwenye viwiko.

Watu wanaingia na sare zao. Nilikuwa nimeiona picha kamili, nikaangalia jengo nikawaacha watu.

Sikukimbilia madhabahuni. Nilimwambia mke wangu kwanza, akasema, "Hili naliona hata bila kufunga." Nikawafuata wazee mmoja mmoja, kila mmoja kwake, ili asiitikie kwa sababu mwenzake ameitikia. Nikawaomba wapime mwezi mzima. Wawili wakakubali. Wa tatu, yule yule wa mkate wa kumimina, akakataa wazo la kukodi ukumbi, akasema banda linatosha, tubadilishe saa tu. Alikuwa sahihi, na kama ningesema "Mungu amesema ukumbi" asingethubutu kunipinga. Nikaandika nusu karatasi. Nikaenda kwa sheha kabla ya muuza kahawa. Nikapita kwa imamu wa msikiti wa jirani kumwambia tutakuwa tunakusanyika siku nyingine ya wiki, tusije tukagongana na swala ya alasiri. Akanishauri tuchelewe nusu saa. Tukachelewa.

Mbele ya kanisa zima nilisimama na dada wa mashuka. Nilisema maneno machache, akasema yeye habari ya Jumapili asizokuwa nazo. Watu wakaanza kuinua mikono: na mimi, na mimi, mimi miaka mitatu. Hakuna aliyepiga kigelegele. Mtu wa kwanza alichouliza ni nani atapika chai.

Hivyo ndivyo tulivyopata ibada ya Jumatatu, zamu ya asubuhi ikitoka. Wanakuja na sare, wengine bado wana vitambulisho shingoni, wanasinzia kwenye mahubiri na nawaacha walale.

Kijana wa Paje

Mtumishi nimekosa cha kusema. Ila niulize tu la mwisho, ile nyumba nyeupe ya milango mitatu umeiachia hapo? Uliiona kweli au na yenyewe ni chumvi?

Mtumishi wa Kaskazini

Niliiona. Daftari lipo kabatini, majina nimeyakata kwa mstari mmoja ili yasomeke. Daudi naye alikabidhi ramani kwa mwanawe (1 Nyakati 28), hakuichana. Kama ni ya kwangu itakuja, kama ni ya atakayenifuata nitamwachia nusu karatasi, na hapo kwenye idadi ya viti nimeacha wazi.

Kwa sasa ni Jumatatu saa kumi na nusu jioni. Kutoka mjini panda gari la 116, ukishuka ulizia gereji, sisi tuko nyuma yake. Na hii masika, njoo na mwavuli.